Chupa ya Lazhar

Lazhar hupanda mtende kama sisi wengine tunavyopanda ngazi za nyumbani. Huenda miguu mitupu, msumeno wake mdogo ukining'inia mgongoni, na mdomo wake haufungi tangu shinani mpaka kileleni. Ukipita bustanini ukasikia mtu anaimba angani, au anamgombeza njiwa, ujue ndiye. Hajawahi kuanguka, na atakukumbusha hilo kabla hujamuuliza.

Mke wake, Wassila, hufuma mablanketi ya sufu. Ni mtulivu. Maneno ambayo mwanamke mwingine huyamaliza kabla ya adhuhuri, yeye humtosha wiki nzima. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na mpango wake: mmoja anasema, mwingine anasikiliza, na mara moja moja anamwambia, "Basi, bwana, maji yameshachemka."

Walikuwa wamekaa miaka tisa bila mtoto. Mimba mbili ziliingia, na zote mbili zilitoka kabla ya mwezi wa tatu. Na mara zote mbili Lazhar alikuwa ameshautangazia mji mzima, tena akiwa juu ya mtende, ili wasiokuwa karibu wasikose.

Kazi yake nayo haikumsaidia. Kwetu, majira ya kuchipua yakifika, lazima mtu apande kwenye kila mtende jike autilie maua ya mtende dume, la sivyo mwaka huo hauzai. Lazhar huwafanyia watu kazi hiyo kwenye mitende zaidi ya mia mbili. Wazee wa mkahawani wangeliachaje jambo kama hilo lipite?

"Lazhar! Bonde zima linakuzalia, isipokuwa nyumbani!"

Wanacheka, naye anacheka nao, anaagiza chai. Lakini miaka ya karibuni niliona kwamba majira ya kuchipua yakifika, alikuwa anaizunguka njia ya nyuma ili asipite mkahawani.

Mimi hukaa getini kwenye zahanati ya mji. Nafungua, nafunga, namwagilia mikomamanga miwili ya uani. Ndiyo maana jambo hili lilipita mbele ya macho yangu. Yaliyosemwa chumbani kwa mkunga nimeyapata kwa Wassila mwenyewe, ambaye tangu siku ile amegeuka msimuliaji, na ameshayasimulia kwenye harusi tatu.

Ilikuwa mwezi wa nne. Jumatatu moja Lazhar akaja getini, akasimama kama mtu aliyepotea katika mji aliozaliwa.

"Ndugu yangu," akaniambia, "hivi hapa kwenu siku gani hakuna watu?"

"Unaumwa?"

"Jino."

"Hapa hatung'oi meno, Lazhar. Unajua."

"Basi mgongo."

"Mgongo ni kila siku. Ingia hata sasa hivi."

Akatazama huku, akatazama kule. "Na mkunga je? Yeye yupo siku gani?"

"Kwa ajili ya mgongo wako?"

Akawiva mpaka masikioni. Nikamhurumia. Nikamwambia kwamba Jumanne ni siku ya wajawazito wote, na kuja siku hiyo ni sawa na kupiga tarumbeta. Lakini Alhamisi, kuanzia saa tano, kina mama wa chanjo wakishaondoka na watoto wao, Bi Dalenda hubaki peke yake na birika lake la chai.

"Alhamisi," akasema. "Na wewe hukuniona."

"Sijakuona."

"Hata mama yangu hajui."

Halafu alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alifunga mdomo, akapanda pikipiki yake ndogo, akaenda zake.

Kwetu mimba haitajwi mpaka miezi mitatu ipite, kwa kuogopa kijicho, na safari hii walikuwa wameapiana. Wassila alimwambia kwamba akiuambia hata mtende mmoja, yeye anarudi kwa mama yake. Kwa hiyo Lazhar alikuwa anapanda na kushuka kimya, na watu wakaanza kusema ana homa. Kama mimba hii nayo ingetoka, hakuna mtu angejua, hakuna mtu angecheka, na hakuna mtu angewapa pole. Sidhani kama wangejaribu tena.

Aliyeambiwa ni mtu mmoja tu, dada yake Wassila anayeishi Sfax, mbali na hapa, mwenye watoto wanne. Alimpigia simu akamweleza yanayomngoja.

"Atakuuliza siku zako za mwisho, hesabu nyumbani, usianze kuhesabia vidole mbele yake. Atakupima uzito, vaa nguo nyepesi. Atakutoa damu, kunywa maji kwanza. Na uende na mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza kabisa, kwenye chombo safi. Umenisikia? Chombo safi."

Chombo ndicho kilikuwa kazi. Vikopo vya kupimia vinauzwa duka la dawa, lakini mwenye duka ana mke, na mke ana dada watano. Lazhar akasema, "Niachie mimi." Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya asali ya tende, yale maji mazito ya tende tunayoyachemsha mpaka yawe kama asali. Ilikuwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyobaki na matone ya mwisho.

Sasa, kwetu chupa ya asali ya tende haioshwi. Sabuni huacha harufu ambayo itaiharibu asali ya mwaka unaofuata, na maji huifanya ichachuke. Chupa ikiisha, huipangusa ndani kwa nyuzi za mtende, ukaipindua rafuni, ikangoja mavuno. Mama yake Lazhar alimfundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Lazhar akaipangusa vizuri kuliko siku zote. Akamalizia kwa kidole, akakilamba kidole, akaiinua chupa dirishani, akaona inang'aa. Alfajiri ya Alhamisi akampa mke wake, na Wassila, ambaye hana tabia ya kuuliza, hakuuliza.

Lazhar alijivunia sana ujanja wake. Nani atashangaa kumwona yeye na chupa ya asali ya tende? Kila siku yuko na chupa, anampelekea huyu, anamwonjesha yule. Jambo moja tu hakulifikiria: kwa sababu hiyohiyo, kila atakayemwona atataka kuonja.

Wassila alitangulia kwa miguu kwa njia ya bustani, amebeba kapu la sufu kana kwamba anakwenda kwa binamu yake. Lazhar akafuata barabara kuu kwa pikipiki, chupa ikiwa kifuani ndani ya koti. Mwokaji mikate alimpita kwa kumpungia mkono. Lakini kwenye kona ya msikiti alikaa Shangazi Rebeh mlangoni kwake, amepakata mkate wa moto ambao ndio kwanza umetoka jikoni. Yeye si shangazi yake wa damu. Ni shangazi wa mtaa mzima.

"Lazhar! Simama! Umeniletea?"

"Hapana, shangazi, hii ni ya mtu."

"Mtu gani anayenipita mimi? Nimekuogesha wewe ukiwa na siku mbili. Lete hapa nichovye kipande." Na mkate ukawa tayari uko hewani.

"Shangazi, hii haifai. Imechacha."

"Tangu lini asali yako ikachacha? Hebu." Akaivuta pembe ya koti, akachungulia. "Mbona nyepesi hivi? Umeitia maji! Wee mtoto, unawalisha watu maji?"

"Ndiyo, shangazi. Ina maji. Maji mengi sana."

Akaiwasha pikipiki, akamwacha Rebeh na mkate wake hewani. Miaka yote hiyo Lazhar hakuwahi kumnyima mtu. Alipofika kwangu jasho lilikuwa linamtiririka kama aliyetoka kuvuna. Akampa Wassila, aliyekuwa ameshafika, ile chupa, imefungwa kitambaa, akajitupa kwenye benchi chini ya mkomamanga.

"Wanawake wa mji huu," akaniambia, "wangewekwa mpakani, hakuna bidhaa ya magendo ingepita."

Bi Dalenda ni mkunga wetu tangu zahanati ilipofunguliwa. Ni mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi wa sufu, na nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Watu wazima wenye ndevu humkwepa sokoni, maana atawasalimu kwa kuwakumbusha walivyotoka. Alimkaribisha Wassila kwa chai, akafungua kadi mpya.

"Haya, mdogo wangu. Siku zako za mwisho ziliingia lini?"

"Tarehe kumi na tano, mwezi wa kwanza."

"Una uhakika?"

"Ndiyo siku niliyomaliza blanketi la mke wa mwalimu."

"Ningepata wagonjwa wote wanafuma mablanketi, ningestarehe." Akazungusha kiduara chake cha karatasi ngumu chenye tarehe. "Wiki kumi na mbili leo. Utajifungua mwezi wa kumi, kama tarehe ishirini na mbili. Wakati wa mavuno! Mume wako ataletewa habari juu ya mtende. Na hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza," akasema Wassila.

Bi Dalenda akaweka kalamu chini. Alikuwa anajua. Nani asiyejua, wakati ilitangazwa toka angani? Lakini hakumkatiza. Akamimina chai nyingine.

"Mdogo wangu, humu ndani hamna jicho isipokuwa langu, nalo bila miwani halioni hata mlango. Nikiandika uongo kwenye kadi, atakayedanganyika ni mimi, na atakayeumia ni wewe. Ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Haya. Ya tatu. Umeona? Dari haijaanguka."

Baada ya hapo mambo yakaenda. Akamuuliza zile mbili zilitoka wiki ya ngapi, na alitokwa damu namna gani. Akamuuliza kama kwao kuna kisukari au presha, kama kuna mapacha, dawa gani anakunywa, analala vipi, na kama nyumbani ana amani. Hilo la mwisho alimuuliza kwa sauti ya chini, akiwa amemkazia macho, na Wassila anasema ndilo lililomfanya ampende. Alimjibu kwamba amani ipo, kimya ndicho hakipo.

Kwenye mizani, Wassila alivua viatu akapanda. Bi Dalenda akaangalia namba, akamwangalia yeye, akamgusa kiunoni. Pakalia.

"Nini hiki?"

Ilikuwa hirizi. Halafu mkono wa fedha. Halafu samaki wa fedha, kijifuko cha habasoda, na kipande cha chuma ambacho Lazhar alikitoa kwenye kiatu cha farasi. Alivitundika vyote yeye mwenyewe, kwa pini, ndani ya nguo.

"Mume wako amekuvika duka zima," akasema Bi Dalenda. "Weka mezani, upande tena. Mtoto hajafika hata kilo, tayari ana mizigo."

Akampima urefu. Akamfunga mkono akampima presha, akamwambia asiongee wakati mashine inabana, na Wassila akamjibu kwamba hilo kwake ni jepesi. Akatoa damu vichupa vitatu, cha kujua kundi la damu, cha kujua kama damu inatosha, na cha kutafuta magonjwa yanayoweza kumpata mtoto. Halafu akafungua kile kitambaa.

"Ee! Umeniletea asali?"

"Ni mkojo, Bi Dalenda."

"Ohoo." Akachovya kijiti cha kupimia, akakiweka kwenye kitambaa cheupe, akasubiri. Kijiti hicho kina vyumba vya rangi, na kila rangi inasema jambo lake. Chumba cha sukari kilianza kijani, kikaingia udongo, kikatulia kwenye rangi ya kahawa. Akachukua kijiti cha pili. Kahawa tena.

Wassila anasema sauti ya Bi Dalenda haikubadilika hata kidogo, na hapo ndipo alipoogopa.

"Kuna sukari kwenye mkojo. Nyingi. Sukari ya mimba tunaijua, na inatibika, kwa hiyo usinililie kabla sijakuambia ulie. Lakini lazima nipime damu ya kidoleni. Kipimo wamekichukua wauguzi waliokwenda vijijini, watarudi saa saba. Ikionekana ni kweli, leo leo mtakwenda hospitali ya Tozeur."

"Ndiyo iliyowatoa wale wawili?"

"Sijui. Inaweza kuwa, inaweza kuwa siyo. Niitie mume wako."

Nilimwona Lazhar akiingia. Mtu anayesimama kwa mguu mmoja kwenye kuti, futi sitini juu, aliushika mlango kama unataka kumkimbia.

"Huyu mtoto alitoka analia kabla kichwa hakijamalizika kutoka," Bi Dalenda akamwambia Wassila. "Na leo hana sauti. Lazhar, mke wako anakula nini?"

"Anakula vizuri, Bi Dalenda. Hilo usiwe na shaka."

"Vizuri nini? Anza asubuhi."

"Asubuhi tende saba na maziwa."

"Halafu?"

"Halafu uji wa shayiri na asali ya tende."

"Mchana?"

"Mchana chakula cha kawaida, couscous na mboga. Na tende kidogo za kushushia."

"Jioni?"

Lazhar akaanza kuona anakopelekwa. "Jioni mkate," akasema polepole. "Na asali ya tende. Mpaka amalize sahani."

"Wewe umeoa mke au unanenepesha kondoo wa Idi?"

Siku nyingine angejibu, tena angejibu kwa shairi. Safari hii aliuliza tu, "Na zile mimba mbili za mwanzo? Maana nilimpa hivyohivyo."

Bi Dalenda akasema tusubiri kipimo.

Lazhar akatoka uani, amebeba chupa yake na kitambaa. Akanipa. "Katupe, ndugu yangu." Nikaiweka juu ya ukuta karibu na geti, nikisubiri pipa la taka lirudi kutoka kumwagwa. Wassila akakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Lazhar hakukaa. Akaja akasimama kwangu.

"Watu walisema ni jicho," akaniambia. "Mama akasema ni jicho. Nikamchukia kila aliyemtazama mke wangu tumboni. Kumbe jicho gani? Ni mkono wangu. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha, kijiko kwa kijiko, huku namwambia kula, kula, ni dawa."

Nikamtengenezea chai. Kwetu chai huwekwa sukari mpaka kijiko kinasita. Nilipolishika kopo la sukari, akauzuia mkono wangu. Akainywa chungu hivyohivyo, akikunja uso, glasi mbili, kama mtu anayelipa faini.

Na hapo ndipo sisimizi walipofika. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, mmoja, kisha kumi, kisha mstari mzima, mweusi, ulionyooka, unaokwenda moja kwa moja kwenye ile chupa. Nilijaribu kusimama mbele yake, lakini alishaona.

"Tazama," akasema. "Hata wao wanajua."

Saa saba na robo gari la wauguzi likaingia. Nadhani hakuna gari lililowahi kufunguliwa geti haraka vile. Bi Dalenda akakipokea kipimo dirishani, akamwita Wassila, akamchoma kidole. Namba ikaja. Akaitazama. Akamchoma kidole cha pili. Namba ileile. Akakigeuza kile kipimo, akakigonga mezani, akajichoma mwenyewe.

"Yangu ndiyo mbaya," akasema. "Yako ni ya msichana wa shule. Na leo asubuhi umekula ule uji wake?"

"Na tende saba."

"Basi haiwezekani."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akatoka nje, mzima mzima, akanijia getini.

"Ile chupa iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akawapuliza sisimizi, akaiinua juani, akaipindua kidogo. Shingoni, chini ya ile mistari ya kukazia kifuniko, palikuwa na pete nene ya kahawia, iliyokauka juu na laini ndani. Akafungua kifuniko, akakinusa. Akafumba macho kidogo.

"Lazhar. Chupa hii ilikuwa ya nini?"

"Asali ya tende, Bi Dalenda. Ya ule mtende wa kisimani. Nzuri kuliko zote."

"Uliiosha?"

Lazhar akamtazama kama ameulizwa kama huwa anaupiga pasi mtende.

"Kuiosha? Chupa ya asali ya tende inaoshwa?"

Aliyeanza ni Wassila. Sikuwahi kumsikia akicheka, na sikujua kwamba ana kicheko kikubwa vile. Aliushikilia mlango, akateremka nao taratibu mpaka akakaa kizingitini, machozi yanamtoka. Wauguzi walishuka garini kuona kuna nini.

"Miaka thelathini," akasema Bi Dalenda. "Nimeletewa mkojo kwenye chupa ya marashi. Nimeletewa kwenye kopo la nyanya. Mmoja aliniletea kwenye birika, na alitaka birika lake arudishiwe. Lakini mkojo uliotiwa asali, huu ni wa kwanza."

"Kwa hiyo ile sukari..." akasema Lazhar.

"Ile sukari ni ya mtende wako wa kisimani. Nenda kaupongeze."

Lazhar akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akaweka kichwa magotini. Tukadhani anacheka. Bi Dalenda ndiye aliyetambua, akamwekea mkono begani.

"Nisikilize, mwanangu. Na wale wawili wa mwanzo, hawakutolewa na tende. Wala na jicho, wala na mdomo wako. Mimba nyingi hutoka mapema hivyo, na mara nyingi hata daktari mkubwa hajui kwa nini. Huyu tutamwangalia kwa karibu zaidi, basi. Haya, inuka, unanichafulia ua."

Wassila akapewa kikopo kipya kilichofungwa kwenye nailoni. Kijiti kikabaki kijani, kijani kabisa. Halafu Bi Dalenda akafanya jambo asilolifanya kwa waume wa hapa, maana wenyewe hawakubali: akamwita Lazhar ndani. Akampaka Wassila mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa chake kidogo cha kusikilizia, akatafuta huku na huku. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanzo ilikuwa mvumo tu, kama redio iliyopoteza stesheni. Halafu ikasikika mpaka kwangu, haraka haraka, kama mbuzi mdogo anayekimbia juu ya changarawe.

"Mbona anakimbia hivyo?" Lazhar akauliza.

"Wewe ungefanyaje, ukijua baba yako anakungoja na sahani ya tende?"

Aliwapa vidonge vya kuongeza damu, na kitabu kidogo cha kuja nacho kila mwezi. Akawaambia wakiona damu, au kichwa kikiuma kisipoe, au uso ukivimba, waje siku hiyohiyo, iwe Jumanne au isiwe. Na tende, tatu kwa siku.

"Tatu kubwa?"

"Lazhar!"

Jioni ile mji mzima ulikuwa na habari, lakini si ile tuliyoiogopa. Habari ilikuwa kwamba Lazhar anatia maji kwenye asali yake. Shangazi Rebeh ameona kwa macho yake. Mkahawani hawakusema lingine wiki tatu nzima. "Lazhar, nipe glasi ya asali, nina kiu!" "Lazhar, siku hizi unavuna tende au unachota kisimani?" Yeye, ambaye jina la asali yake lilikuwa roho yake, alimeza yote. Bora waseme hilo. Miezi mitatu ikapita, ikapita minne, na tumbo likajisema lenyewe.

Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na sita ya mwezi wa kumi, siku nne baada ya tarehe ya kile kiduara. Ni wa kike, jina lake Nejma, kilo tatu na robo bila hirizi. Lazhar alikuwa juu ya mtende kweli. Alishuka haraka mpaka akachubuka kifua chote, lakini anasisitiza kwamba hiyo haihesabiwi kuwa kuanguka.

Siku ya arobaini walifanya karamu. Asali mpya ilikuwa imeshaiva, na Lazhar akapanga chupa ishirini kwenye meza ndefu. Lakini Wassila alikuwa ameshasimulia kisa chake kwenye harusi ya kwanza, kwa hiyo watu walikula nyama, wakala couscous, wakamsifu mtoto, na hakuna hata mkono mmoja uliokwenda kwenye chupa. Mmoja aliinua moja, akainusa kwa mbali, akairudisha kwa heshima.

"Zimeoshwa jamani!" Lazhar akapiga kelele. "Kwa sabuni! Uliza mke wangu! Mama amekasirika nami siku ya tatu leo kwa sababu ya sabuni hiyo!"

Ndipo Shangazi Rebeh akajiinua na mkate wake mkononi, akaja mpaka mezani.

"Fungua hiyo," akasema.

"Shangazi, siku ile unisamehe. Sikukunyima kwa ubaya."

"Wewe unadhani mimi sikujua? Chupa ina uvuguvugu, asali ina povu, mkeo amepita njia ya bustani na kapu la sufu ambalo hata nyuzi hazijachambuliwa, tena Alhamisi. Nimezaa watoto saba, mwanangu. Nimebeba chupa za namna hiyo kabla baba yako hajapata pikipiki."

Lazhar akauacha mkono juu ya kifuniko. "Sasa mbona ulikwenda kusema natia maji?"

"Mwokaji mikate alikuona unakimbia, na mke wa muuza dawa naye. Wote walikuja kuniuliza una nini. Watu hawa lazima uwape kitu cha kutafuna, la sivyo wanatafuta wenyewe. Nikawapa asali yako." Akachovya mkate mpaka vidoleni, akautia mdomoni, akatafuna huku mji mzima unamtazama. "Haina maji," akatangaza.

Kisha akavuta chupa mbili, akaziweka chini ya kwapa, moja ya kwake na nyingine, alisema, ya fidia ya ule mkate uliopoa mkononi.